Ada ya Kubadilisha Siku

Ujumbe uliingia kabla jua halijachomoza, na fundi wa miwani aliusoma kwa jicho moja, lile jingine likiwa bado ndotoni. Ulisema kwamba ombi lake la kubadilisha tiketi limekamilika, kwamba tiketi zake mbili za onyesho la vivuli sasa ni za Jumapili alasiri, na kwamba ada imekatwa kwenye salio lake. Mwishoni ukamshukuru kwa kuwa mteja mwema.

Hakuwa ameomba chochote. Alikuwa amelala.

Akaurudisha uso wake kwenye mto na kujaribu kuamini kwamba ameota. Ujumbe wa namna ile ulishamjia zaidi ya mara moja, daima saa ile ambayo chumba huwa na rangi ya maji yaliyooshea mchele na mtu hajui kama yuko huku au kule. Lakini simu ilikuwa kiganjani mwake, ina joto, na pesa ilikuwa imeondoka kweli. Ndoto hazikati ada.

Komeo la mlango wa nje likalia taratibu. Mumewe amerudi.

Majirani walimwita Popo, naye aliitikia bila kununa. Alikuwa mwokaji katika kiwanda cha mikate, zamu ya usiku, akitoka nyumbani watu wakiwasha taa na kurudi wakizizima. Aliingia chumbani na nyusi nyeupe kwa unga, akaketi upande wake wa kitanda, akavua kiatu kimoja, akapumzika kidogo kana kwamba amesahau alichokuwa akifanya, kisha akavua cha pili. Mkewe alishateremsha miguu upande wa pili. Ndivyo walivyoishi, mmoja akiingia, mwingine akitoka, na kitanda hakikupata nafasi ya kupoa.

"Umeamka?" Popo akauliza.

"Nimeamka. Usiku ulikuwaje?"

"Salama."

"Chai ipo."

"Mm."

Akavuta pazia zito, akajilaza pale pale penye joto la mkewe, na kabla fundi hajaipata ndara yake ya pili, mume alikuwa ameshakwenda usingizini. Akasimama akimtazama. Unga ulikuwa umemwingia hata masikioni. Alitamani kumweleza habari ya ukumbi na makato yao, lakini nyumba ile ilikuwa na sheria moja, ambayo hata mgeni alifundishwa kabla ya kupewa kiti: Popo akilala haamshwi. Redio ilisikilizwa kwa kuitegea sikio. Sufuria zilishikwa kwa vitambaa. Mchana kutwa watu walinong'onezana humo ndani kama wako wodini, na jua likipita dirishani lilipita nalo kwa kunyata.

Jikoni alimkuta mama mkwe akipanga vikombe juu ya taulo ili visigongane.

"Wamenikata tena," fundi akanong'ona.

"Kina nani?"

"Wale wa ukumbi. Mimi nabadilisha iwe Jumatano, wao wanairudisha Jumapili. Nawapigia, nasema Jumatano, wananiambia sawa mama, wanakata ada. Siku mbili hazipiti, alfajiri naamka, Jumapili, na ada nyingine juu. Ama hawa wana wazimu, ama wananiona mwenye wazimu ni mimi."

"Mwenzio anajua?"

"Ajue saa ngapi? Akiamka niko kazini, nikirudi anafunga viatu, na Jumapili nikiwepo analala hadi saa ya zamu. Mama, leo akiamka, hebu mwambie kwamba..."

"Simwambii."

"Sijamaliza."

"Hata ukimaliza." Mama mkwe alikuwa mwembamba, mwenye sauti nene, na alinong'ona kama mtu anayesaga kitu. "Mimi si posta. Siku niliyohamia hapa niliwaambia wote wawili, nitapika, nitafua, nitaanika, lakini maneno ya mke na mume sibebi. Yakimwagika njiani mtasema nimeyaonja. Nyote mna midomo." Akageuza kikombe kingine. "Ingawa sijaiona ikifunguka kwa wakati mmoja tangu zile mvua kubwa."

Fundi akanywa chai yake amesimama. Mama mkwe hakuwa amekosea.

Si kwamba alipenda sana vivuli. Yeye alikuwa mtu wa lenzi, na kazi yake ilikuwa kuwasaidia watu waone sawasawa. Lakini kundi la wasanii wa vivuli lilikuwa linapita mjini na kitambaa chake kikubwa na taa zake, na onyesho lilipangwa siku ya mapumziko, siku ambayo kiwanda cha mikate na duka la miwani vilifungwa pamoja. Alinunua tiketi kwa ajili ya kile ambacho kingefuata. Wangeketi gizani, bega kwa bega, wote wawili macho. Wangerudi nyumbani kwa miguu, polepole. Na njiani angesema neno moja.

Kiwanda kilitaka kumwajiri Popo moja kwa moja, zamu ya usiku, kwa mkataba mrefu. Alimwambia hivyo asubuhi moja akiwa bado mlangoni: "Wananitaka usiku, moja kwa moja. Nasaini mwisho wa mwezi." Naye fundi, mswaki mdomoni, povu limefika kidevuni, akajibu, "Sawa." Alimaanisha amesikia. Aliposukutua na kutoka bafuni ili aongeze mengine, mume alishalala. Tangu siku ile neno hilo lilimkaa kooni kama kidonge kilichomezwa bila maji. Hakutaka asaini. Hakutaka kuzeeka na mtu anayemjua kwa joto lake tu. Lakini jambo kama hilo halisemwi mlangoni. Linataka mtu awe ameketi, yuko macho, na hana pa kukimbilia.

Kisha mkuu wa kundi, yule anayechezesha vivuli vikubwa, akateguka mkono, na onyesho likafutwa. Wenye tiketi wakaambiwa wachague siku nyingine atakapopona, Jumatano usiku au Jumapili alasiri. Fundi alimsomea Popo tangazo hilo hapo hapo mlangoni, akiwa amechelewa, akasema, "Hilo niachie mimi." Popo naye alisema kitu, lakini alikisema ndani ya mwayo.

Akachagua Jumatano kwa sababu Popo hakuwa na zamu siku za Jumatano. Kwake yeye mwenyewe ilikuwa siku mbaya kuliko zote. Ndiyo siku lenzi mpya zilipoletwa, akashinda wima kwenye mashine, na jioni alirudi nyumbani macho yamejaa mchanga, akala kwa kupapasa na kulala kabla sahani haijaoshwa. Hata hivyo mume angekuwa amepumzika, na hilo ndilo lililokuwa muhimu. Sasa ilikuwa Jumatatu. Jumatano ilikuwa keshokutwa, na Jumatatu ya wiki ijayo ndiyo siku ya kusaini.

Dukani aliketi chumba cha nyuma, mbele ya mashine ya kusagia. Lenzi zilikuwa zimepangwa kwenye sinia, na kila moja ilibeba kidirisha kidogo kilichopinduka, mtaa ukiwa juu na mbingu chini. Watu walipita ndani yake vichwa vikining'inia, bila sauti, kama waogeleaji. Siku nyingine angewaacha wapite. Leo alipiga namba ya huduma ya ukumbi, simu ikimbana bega, na kusikiliza kinanda kilichorudia wimbo ule ule hadi lenzi mbili zikaisha.

"Sawa mama," sauti ya msichana ikasema mwishowe. "Nakuwekea Jumatano. Ada itakatwa."

"Usiguse kitu," fundi akasema. "Usikate hata thumni. Nakuja mwenyewe."

Mwenye duka, mzee mwenye miwani ya fremu pana iliyomfanya aonekane ameshtuka wakati wote, alimsikia akiomba ruhusa na kuinua kichwa.

"Unakwenda kugombana?"

"Nakwenda kuuliza."

"Basi vua aproni. Ukienda nayo watadhani umekuja kuchinja."

Ukumbi ulikuwa jengo refu la zamani lenye zulia lililochakazwa na miguu ya watu wengi. Sebuleni hapakuwa na dirisha. Taa zilikuwa chache, za rangi ya asali, na dari ilipakwa rangi ya anga yenye mawingu, ikabanduka hapa na pale hivi kwamba nyuma ya anga ilionekana saruji. Fundi aliingia akiwa amejaza kifua maneno. Alipofungua kinywa, karani wa tiketi, mwanamume mnene mwenye tai fupi, akaweka kidole midomoni.

"Wako ndani wanafanya mazoezi," akanong'ona. "Ukuta huu ni mbao tupu. Tafadhali dada, zungumza chini."

Mtu mwingine angeshindwa. Kugomba kwa kunong'ona ni kazi. Lakini fundi alikuwa ameishi katika nyumba ya Popo, na hakuna neno kali ambalo hakujifunza kulitamka bila sauti.

"Nyinyi ni wezi," akanong'ona.

"Karibu," karani akanong'ona. "Kiti hicho hapo."

Akaketi. Akamwonyesha ujumbe mmoja baada ya mwingine. Onyesho lilifutwa na wao, si yeye. Yeye alibadilisha siku mara moja, kama walivyomtaka, wakamkata. Wakaibadilisha wenyewe, wakamkata. Akawasahihisha, wakamkata kwa kuwasahihisha. "Kinyozi akikukata sikio," akasema, "hakudai nauli ya kukupeleka hospitali."

Karani akaangalia skrini yake, uso ukiwa wa buluu kwa mwanga wake. Nyuma ya mbao mtu alikuwa anapiga ngoma ndogo kwa vidole, polepole sana, na chini ya mlango mwanga ulipanuka na kusinyaa.

"Dada, hapa hakuna lililobadilika lenyewe. Kila mara mtu alipiga simu akaomba."

"Mimi nimeomba Jumatano. Nani ameomba Jumapili?"

"Namba ya pili iliyosajiliwa."

"Namba ya pili ni ya mume wangu. Na mume wangu alfajiri hiyo yuko mbele ya tanuri."

"Yuko hapo hapo," karani akasema. "Trei zinasikika."

Fundi akaisogelea meza.

"Simu zetu zinarekodiwa," karani akaendelea, kwa upole sasa. "Sisi tulioko zamu tunamwita baba wa alfajiri. Ni mtu mzuri. Hugombi naye, anaomba radhi kwanza yeye. Rekodi hatumsikilizishi kila mtu, ila wewe tiketi ni zako na malalamiko ni yako. Sikiliza mwenyewe."

Akampa vipokea sauti vikubwa, vyenye sponji iliyochakaa. Fundi akavivaa, na sebule ikazama. Kulikuwa na mvumo kama wa maji, halafu chuma kikagonga chuma mahali mbali, halafu mtu akakohoa.

"Habari za alfajiri. Ni mimi tena. Samahani, najua si kosa lako wewe, ni mashine zenu. Mmeturudisha Jumatano tena."

"Baba, hapa inaonyesha ombi limetoka kwenu."

"Haiwezekani. Mke wangu hili kaniachia mimi. Nilimwambia, niachie mimi, naye hakubisha, na kutobisha si kawaida yake." Kicheko kidogo. "Jumatano haiwezekani, ndugu yangu. Jumatano anarudi macho mekundu kama aliyetoka msibani. Nikamtie gizani siku hiyo atazame vivuli? Atalala kabla taa hazijazimwa. Weka Jumapili. Jumapili hana kazi."

"Lakini wewe Jumapili si unakuwa umetoka zamu?"

"Nitakuwa nimetoka, ndiyo. Sitalala. Siku moja haiui mtu. Nina jambo la kumuuliza, nataka yeye ndiye awe macho."

"Jambo zito?" Karani wa alfajiri alionekana hana wateja wengine.

"Kuna karatasi kazini wanataka niisaini. Yeye alisema sawa. Lakini aliisema na mswaki mdomoni, na mimi nimekaa naye miaka, nazijua sawa zake. Ile ilikuwa sawa ya mtu anayetaka kusukutua. Sasa siwezi kusaini kwa sawa kama ile. Na siwezi kumuuliza, maana nikimkuta anakwenda, akinikuta nimelala. Basi weka Jumapili, tafadhali, na mara hii iache hapo."

Chuma kikagonga chuma. Mtu akaita "Popo!" kwa mbali, na rekodi ikakatika.

Fundi hakuvivua vile vipokea sauti mara moja. Hayakuwa maneno tu yaliyomshika. Ilikuwa ile sauti. Nyumbani ilimfikia imefunikwa, ikitoka chini ya unga na usingizi, maneno mawili, matatu. Humu ilikuwa nzima, ina mzaha ndani yake, ilipanda na kushuka. Ilikuwa sauti ya mwanamume yule aliyewahi kumfanya acheke hadi akae chini barabarani. Kumbe mtu huyo alikuwa bado anaishi. Aliishi alfajiri, kwenye simu, na wageni ndio waliokuwa wakimfaidi.

Akavivua na kuviweka mezani.

"Ni yeye?" karani akauliza.

"Ndiye."

"Basi sisi hatumo."

"Mmo," fundi akanong'ona, akijifuta jicho kwa kidole kama anayeondoa unyoya. "Tangazo lenu hilo hapo kwenye kioo linasema badiliko la kwanza halina ada onyesho likifutwa. Mmenikata la kwanza. Hiyo rudisha."

Karani akageuka akalisoma tangazo la ofisi yake kana kwamba limebandikwa na mtu mwingine. "Hiyo tutarudisha. Hizo nyingine, dada, ni zenu wawili. Mmevutana wenyewe."

Alikuwa na hoja za kutosha. Angeweza kusema kwamba mtu wa kwanza mwenye akili angewauliza, kwamba ofisi inayosikia mke akisema hivi na mume akisema vile haipaswi kukaa kimya na kukata tu. Alizitazama hoja hizo zikipita, vichwa chini, na kuziacha.

"Sawa," akasema.

"Hiyo ni sawa gani?" karani akauliza. Ilionekana rekodi ile waliisikiliza wengi.

"Ya kweli. Sina kitu mdomoni."

"Tiketi niziweke siku gani?"

"Hapo hapo zilipo. Na mtu yeyote akipiga, mwambie aulize nyumbani kwake."

Nje jua lilikuwa kali mno. Alipaswa kurudi dukani. Miguu ikashika njia ya nyumbani, naye akaifuata. Jumapili ilikuwa mbali. Angeweza kungoja, ndivyo alivyozoea, lakini sasa alijua kwamba nyuma ya pazia lile kulikuwa na mtu aliyebeba swali, na yeye alikuwa na jibu lake tangu lile povu la mswaki.

Mama mkwe alikuwa kizingitini akichambua mchele. Akamtazama mkwewe akija saa isiyo yake.

"Umefukuzwa kazi?"

"Hapana mama. Nakwenda kumwamsha."

Mkono wa mama mkwe ukasimama juu ya ungo. "Haamshwi."

"Leo anaamshwa."

Wakatazamana. Kisha yule mama akavuta miguu yake pembeni, mmoja baada ya mwingine, njia ikapatikana. "Mimi nakwenda kuanika uani," akasema, ingawa hapakuwa na nguo za kuanika. "Na huko uani sisikii kitu."

Chumbani kulikuwa na giza kama ndani ya chungu. Fundi akapapasa hadi kitandani, akaketi, akaweka mkono kwenye bega la mumewe. Hakuwahi kulitikisa bega lile mchana. Akalitikisa.

Popo akaamka mara moja, kama mtu aliyekuwa akingoja nyuma ya mlango. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Keti."

"Moto?"

"Hakuna moto. Keti, baba. Ni mimi."

Akaketi. Nywele zilikuwa zimesimama upande mmoja.

"Ni wewe unayebadilisha iwe Jumapili," fundi akasema.

"Ni wewe unayebadilisha iwe Jumatano?"

"Ni mimi."

"Nimemsumbua yule kijana kila alfajiri. Nilimwambia mashine yao mbovu."

"Mimi nimewaita wezi. Leo hii, uso kwa uso."

Bega likaanza kutikisika bila kushikwa. Alikuwa anacheka, kwanza kwa kunong'ona kama desturi, halafu kicheko kikamponyoka chote, kikagonga kuta, na fundi naye akashindwa kujizuia. Hawakukumbuka lini chumba kile kilisikia kelele mchana. Kilipokwisha, giza likawa jepesi kidogo, au macho yalikuwa yamezoea.

"Sitaki usaini," fundi akasema.

Popo akaivuta shuka magotini na kuilainisha kwa kiganja, kama anavyolainisha unga. "Usiku kuna nyongeza."

"Najua."

"Nilidhani unaihitaji. Ulisema paa."

"Nilisema paa linavuja. Sikusema wewe ulale mchana mpaka uzeeke ili lisivuje. Linavuja mahali pamoja, tutaweka ndoo."

"Tayari kuna ndoo."

"Basi tunaweza."

Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Kuna jambo hulijui. Mchana hawanihakikishii kitu. Nikikataa usiku wanaweza kusema asante, kwaheri. Na hata wakinipa, tanuri mchana lina watu wake wa siku zote. Mimi najua tanuri tu. Nikiingia gizani pale, mikono yangu inajua pa kwenda kabla yangu. Usiku naheshimika, mke wangu. Wananiuliza mimi unga umekaaje."

Hilo hakulitarajia. Alikuwa amekuja na jibu lake limeiva, na sasa alikuta mume hakuwa akichukia zile alfajiri. Aliona wivu kidogo, kwa unga.

"Unaupenda usiku," akasema.

"Naipenda kazi. Usiku ni mahali inapokaa." Akageuka, na katika ile nusu giza fundi akayaona macho yake, yote mawili wazi. "Lakini wewe sikuoni. Nakuta mto una alama ya kichwa. Siku nyingine nasema habari za asubuhi kwa ile alama."

Fundi akasimama, akashika pazia, akalifungua. Mchana ukaingia wote kwa mkupuo, Popo akafunika uso kwa mikono.

"Vaa," akasema. "Msimamizi wenu yupo mchana?"

"Yupo."

"Twende tukamuulize. Akisema hapana tutajua ni hapana. Mikate inaliwa kila mahali."

Popo alitembea barabarani akikunja uso, mkono juu ya nyusi, kama mtu aliyetolewa kwenye maji. Mtaa alioupita kila siku ulikuwa mgeni kwake. Akauliza duka la rangi lilifunguliwa lini, akaambiwa zamani. Akauliza yule mwanamke mwenye cherehani barazani ni nani, akaambiwa ni jirani yao wa ukuta kwa ukuta, ambaye humsalimia mama yake kila asubuhi. "Kumbe ndiyo sura yake," akasema. Mara mbili alijikwaa, si kwa kuwa njia ilikuwa mbaya, ila alikuwa akitazama juu.

Kiwanda mchana kilikuwa kimya kuliko fundi alivyokiwazia. Matanuri mengi yalikuwa yamezimwa, milango ikiwa wazi, na harufu ya mkate ilining'inia hewani kama kitu kilichosahauliwa na mwenyewe. Msimamizi alikuwa kwenye kioski cha vioo katikati ya kiwanda, akila ndizi.

"Popo," akasema. "Wewe kumbe huonekana saa hizi."

"Nimekuja kuhusu ile karatasi."

"Ni wiki ijayo."

"Siisaini. Nataka mchana."

Msimamizi akamaliza ndizi yake, akatazama ganda, akamtazama fundi, kisha tena Popo. "Mmeshauriana?"

"Leo," fundi akasema.

"Tanuri mchana limejaa. Unajua hivyo." Akalitupa ganda. "Ninayo nafasi kwenye kufunga mikate. Mwanzo wa mwezi. Unaingiza mkate kwenye mfuko, unafunga. Hakuna nyongeza, na hakuna atakayekuuliza unga umekaaje. Tanuri likipata nafasi, wewe wa kwanza, lakini sikuahidi lini. Inaweza kuwa mwaka. Inaweza kuwa kamwe."

Popo akageuza kichwa akatazama matanuri. Fundi alikuwa na maneno, tena mengi, yamepanga foleni. Akayafungia. Lake alishalisema, na hili halikuwa lake. Akatazama sakafu, ambako unga uliomwagika ulikuwa umebeba nyayo za watu wa usiku, na alijua nyayo za mmoja wao.

"Zamu inaanza saa ngapi?" Popo akauliza.

"Asubuhi. Saa ambayo wewe unatafuta mto."

"Nitakuja."

"Una hakika? Nikishampa mtu mwingine usiku wako, haurudi."

"Mpe," Popo akasema. "Mpe yule kijana wa trei za chini. Mikono yake ni mizuri, anaharakisha tu."

Msimamizi akaandika. Wakashukuru, wakatoka. Nje ya geti Popo alisimama, mikono mifukoni, akitazama nyuma kwenye mabomba ya moshi ambayo saa ile hayakutoa kitu. Fundi akasimama naye. Hakumvuta, hakumwambia ni heri. Alimwacha atazame mpaka atosheke.

"Nina njaa," Popo akasema mwishowe.

Barabara mbele yao ilikuwa na vibanda vya chakula pande zote mbili. Walianza kuchagua, kila mmoja akimngojea mwenzake aseme, na ndipo walipogundua kwamba hakuna aliyejua mwenzake hupenda kula nini saa hizo za mchana. Ikabidi waulizane.